Tume ya Hamjambo

Iko nchi moja inaitwa Ridhiani. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani, wala usiifananishe na nchi yoyote unayoijua, kwa sababu mimi mwenyewe nimejitahidi kuifananisha nikashindwa. Ni nchi yenye amani, wimbo wa taifa mrefu, na chumvi nyingi. Watu wake wana adabu ya kupindukia. Mridhiani akiwa chini ya gari lililomkanyaga, ukimwuliza hujambo, atakujibu sijambo, ndipo akuombe umsaidie kulisogeza.

Serikali ya nchi hiyo inawapenda sana wafanyakazi, na kwa kuwa inawapenda, iliwaundia Tume ya Kupima Haki ya Ujira. Kazi ya Tume ni kuzunguka kila mwaka viwandani na mashambani kutazama kama watu wanalipwa kwa haki. Wajumbe wake hupewa posho ya kukaa, posho ya kusimama, posho ya kufikiri, ambayo hutolewa hata fikra zisipokuja, na posho ya huzuni, kwa ajili ya mambo mazito ambayo huenda wakayasikia. Mwenyekiti wao, Mheshimiwa Jabu Mwinyishibe, alikuwa mtu mnene mwenye machozi ya karibu, aliyeweza kulia bila kuacha kutafuna.

Sasa, haki ya ujira inapimwaje? Katika nchi nyingine, zilizo nyuma kimaendeleo, watu hutazama bei ya unga, hutazama kodi ya nyumba, hutazama sufuria la mfanyakazi lina nini ndani. Tume ya Ridhiani iligundua njia fupi. Wafanyakazi hukusanywa uwanjani, Mheshimiwa hupanda jukwaani, huwauliza, "Hamjambo?" Wao, kwa malezi ya mama zao, huitika, "Hatujambo!" Hapo Katibu wa Tume hugonga kengele na kikao kimekwisha. Wanasheria walikwisha kufafanua kwamba hatujambo maana yake hatuna jambo, na mtu asiye na jambo hana dai, na mtu asiye na dai analipwa kwa haki. Baada ya hapo ni supu.

Wajumbe wenyewe wanajua kuitika. Kila mwaka Hazina huwauliza wao pia kama hawajambo, nao, mashavu yakiwa yamejaa, hujibu kwa unyonge kwamba wanajikongoja tu. Huongezewa mshahara kabla hawajameza.

Mwaka wa nyuma mvuna chumvi mmoja aitwaye Chande alijaribu bahati yake. Aliitika hatujambo pamoja na wenzake, kisha akaongeza, "Ila..." Hakufika mbali. Alishtakiwa kwa kosa la ila, yaani kwamba mbele ya Tume alikiri hana jambo, na kabla kengele haijalia akawa nalo. Hakimu alimtaka achague ni katika kauli ipi kati ya hizo mbili alisema uongo. Chande akafungwa miezi mitatu, na aliporudi, ukimsalimia alikuwa anatazama pembeni kwanza.

Katika bwawa moja na Chande alikuwa akifanya kazi Sikudhani, mjane wa makamo mwenye watoto watatu na ulimi usiolala. Kazi yake ilikuwa kusimama ndani ya maji ya chumvi tangu asubuhi mpaka alasiri, akivuta chumvi kwa reki mpaka ukingoni. Walisimama peku, maana Shirika la Chumvi lilikwisha kuamua kwamba viatu vinamletea mfanyakazi kiburi. Chumvi haina undugu na ngozi ya mtu. Huikausha, huipasua, kisha huingia kwenye ule ufa ikafanya makao. Unyayo wa kushoto wa Sikudhani ulikuwa na kidonda ambacho kidole gumba kingeweza kuzama ndani yake, na kilikuwa kinanuka. Alikuwa akikifunga kwa kipande cha kanga kuukuu. Jioni kanga ilipofunguliwa, watoto walihamia nje bila kuambiwa.

Daktari wa wilaya hakumficha. Alimwambia autoe mguu majini mpaka kidonda kifunge, na asipoutoa, utatolewa na msumeno. Sikudhani alimshukuru, akarudi majini. Asiyeingia bwawani halipwi, na watoto hawali ushauri wa daktari.

Lilikuwapo tumaini moja. Zamani, kabla sheria za Ridhiani hazijaanza kuandikwa na watu walioshiba, mtu mmoja mwema aliandika kwamba ujira wa haki ni ule unaomwezesha mfanyakazi kuugua. Alikuwa na maana ya kwamba mtu alale kitandani akiumwa na watoto wake bado wale. Tume ikitamka kuwa ujira wa bwawani si wa haki, Shirika lingelazimika kumlipa Sikudhani akiwa amelala, na mguu ungepona. Kwa hiyo, kisheria, mguu wa kushoto wa Sikudhani ulikuwa mikononi mwa Mheshimiwa Mwinyishibe.

Tume ilipotangaza kwamba inakuja, Sikudhani aliwaita wenzake uani kwake.

"Kinachotuponza ni adabu," aliwaambia. "Mwaka huu akituuliza hamjambo, tunanyamaza. Hatusemi hatujambo, hatusemi ila. Atabaki na hamjambo yake mkononi, na sheria inasema asipoitikiwa lazima aulize habari za mshahara. Hapo ndipo tutakapofungua midomo."

Ilionekana kazi ndogo. Mwatum, shoga yake Sikudhani, alifunga mto tumboni akawa ndiye Mheshimiwa, akapanda juu ya kinu, akasema, "Hamjambo?" Ua mzima ukaitika hatujambo, pamoja na Sikudhani. Wakacheka, wakajaribu tena, wakaitika tena. Mzee mmoja alitaka kuondoka, akisema salamu ni ada na yeye hawezi kwenda kaburini na deni la salamu. Walikubaliana naye kwamba ataitika moyoni. Mwisho Sikudhani akabuni dawa: kila mtu ajaze maji mdomoni kabla Mwatum hajasalimia. Siku ya kwanza ua ulilowa kana kwamba mvua imepita. Lakini mazoezi ni mazoezi, na wiki ilipokwisha Mwatum alisalimia mpaka sauti ikamkauka na ua ukabaki mkavu.

Tume iliwasili na magari, na magari ya kubeba vilivyosahauliwa na magari ya kwanza. Zulia lilitandikwa kutoka mlango wa gari mpaka jukwaani ili viatu vya waheshimiwa visipatane na matope. Kila mjumbe alikuwa na kitambaa chenye manukato cha kuzibia pua. Mheshimiwa Mwinyishibe alikuja akitafuna korosho, akashika kipaza sauti, akaupangusa mkono kwenye koti la Katibu.

"Hamjambo?" akauliza.

Uwanja ukanyamaza. Katibu alikwisha kuinua nyundo ya kengele, ikabaki hewani. Mheshimiwa alikigonga kipaza sauti kwa kidole, akakisemea moja mbili, akauliza tena kama ndugu zake wavuna chumvi hawajambo. Wavuna chumvi walimtazama. Wengine walikuwa wamejaza maji mdomoni kwa tahadhari. Mjumbe mmoja, mgeni katika Tume, alinong'ona kwamba sasa labda waulizwe kuhusu mshahara, na wenzake wakamgeukia kwa macho ambayo mwaka uliofuata yalimfanya awe balozi nchi ya mbali.

Sikudhani alikuwa mstari wa mbele, amesimama kwa mguu mmoja, ule mwingine umegusa chini kwa ncha. Kwa mara ya kwanza tangu kidonda kianze alihisi kwamba kitu kizuri kinaweza kumpata. Watoto wake wangelala ndani. Maji aliyokuwa nayo mdomoni aliyameza polepole, ili awe tayari kusema.

Mheshimiwa Mwinyishibe hakuwa mpumbavu, hilo tusimdhulumu. Mtu hali vya watu miaka yote hiyo kwa upumbavu. Alishuka jukwaani, akavuka zulia, akatia kiatu chake kwenye matope hadharani, kitendo ambacho magazeti yalikiandika kwa herufi kubwa. Akavua kofia. Machozi yakamlengalenga.

"Ndugu zangu," alisema kwa sauti ya chini, "jua kali, maji makali, na mnasimama hivi kila siku kwa ajili ya taifa. Poleni na kazi, jamani. Poleni sana."

"Tumeshapoa!" uwanja ukaitika.

Hakuna aliyekuwa amefanya mazoezi ya pole. Sikudhani alijisikia mwenyewe akiitika, tena kwa sauti iliyopita ya wote, sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri. Aliziba mdomo kwa mkono, lakini neno lilikwisha kutoka, na nyundo ilikwisha kushuka. Katibu akasoma uamuzi palepale, kwamba wavuna chumvi, kwa kauli yao wenyewe, walikuwa na maumivu fulani hapo nyuma na wamekwisha kupoa. Kwamba aliyepoa ni mzima. Na kwamba mzima anayedai ni tapeli. Kisha wajumbe wakaelekea kwenye supu ya kongoro, na harufu yake ikawafikia watu waliobaki uwanjani.

Asubuhi yake akaingia majini. Mwezi ulipoandama ule mguu ulikuwa umekuwa mweusi mpaka juu ya kifundo, na daktari wa wilaya akaukata chini ya goti.

Alipozinduka alimkuta Katibu wa Tume kando ya kitanda, na kitambaa puani. Katibu alikuwa ameleta habari njema. Tume, alisema, haikumsahau mama Sikudhani hata kidogo. Imeupitia upya ujira wake kwa kufuata sheria ile ile aliyokuwa akiitaja mitaani.

"Sheria inataka ujira unaomwezesha mfanyakazi kuugua," alisema kwa upole. "Na wewe, mama, umeugua. Tena umeugua vizuri, mpaka mwisho. Ungeweza vipi kuugua namna hii kama ujira wako haukuwezeshi?"

Akasubiri ashukuriwe. Sikudhani aligeukia ukutani. Alitaka kutema mate, lakini mdomo ulikuwa mkavu. Katibu akaandika kwamba mgonjwa ameridhika kiasi cha kukosa la kusema, akatoka haraka maana wodi ilikuwa inanuka.

Sasa, huko Ridhiani, kama kwa watu wote waungwana, kiungo cha mtu hakitupwi jalalani. Hospitali ilimkabidhi Mwatum ule mguu umefungwa kwa kitambaa cheupe ili ukazikwe. Mwatum aliupakata njia nzima akilia, na alipofika mabwawani machozi yakamkauka ghafla kwa wazo.

"Huu mguu si tunauzika?" aliwauliza wenzake.

Wakasema wanauzika.

"Na penye maziko si pana matanga?"

Wakatazamana. Lazima nieleze kwamba sheria ya Ridhiani haina huruma kwa mgonjwa, lakini kwa mfiwa ina huruma isiyo na mfano, kwa sababu viongozi wake wanapenda sana misiba. Msibani kuna wali, kuna kipaza sauti, na mwenye nyumba hawezi kukufukuza. Kwa hiyo aliyezika hupewa siku tatu za matanga kwa malipo kamili. Mwanasheria wa Shirika alishinda na kukesha akiifungua na kuifunga sheria hiyo, na popote hakuona pameandikwa marehemu awe na ukubwa gani.

Basi mguu wa kushoto wa Sikudhani ukazikwa, na wavuna chumvi wote wakatoka majini. Mabwawa yakabaki matupu. Mikeka ikatandikwa mbele ya nyumba ya Sikudhani, yeye akakalishwa katikati na mkongojo wake, na watu waliokuwa hawajawahi kulipwa bila kulowa wakanyoosha miguu yao yenye mipasuko juani, ikakauka. Kwa mara ya kwanza tangu atoke jela, Chande alisalimiwa akaitika bila kutazama pembeni. Walimcheka Sikudhani kwamba ni mtu pekee anayehudhuria matanga yake huku anakula, naye akacheka pamoja nao, kisha akalia, wakamwacha alie.

Siku ya mwisho ikaja Tume. Msiba wenye watu wengi namna ile usingeweza kupita bila Mheshimiwa Mwinyishibe kuzungumza, na hakuna aliyemweleza vizuri aliyekufa ni nani. Alipoelezwa, alikuwa amekwisha kushika kipaza sauti, na mwanasiasa hakiachii. Alilia kidogo. Alisema taifa limepoteza mguu hodari, mguu uliosimama imara katika maji ya chumvi bila kugoma, bila kulalamika, bila kuomba ruhusa. Alisema anaamini kwamba pacha wake, mguu wa kulia, ataziba pengo. Kisha akautunukia ule marehemu nishani ya utumishi uliotukuka, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuichomeka, akaitia mfukoni mwake ikahifadhiwe.

Ndipo likaja sinia. Mheshimiwa alikunja mikono ya shati, akafinyanga tonge kubwa la wali na maharage, akalitia mdomoni, akasita.

"Chapwa," alisema. "Nyinyi si ndio watu wa chumvi? Mbona mnapika chapwa?"

Mwatum alitaka kuinuka, Sikudhani akamshika nguo.

"Tunaivuna, Mheshimiwa," alisema. "Hatuili."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu tunaijua. Ile nyeupe laini, ya mfuko wa bluu, si ndiyo mnayoletewa nyinyi wakubwa?"

Mheshimiwa alikubali kwamba ndiyo, na kwamba haridhiki na nyingine.

"Inatoka bwawani kwangu. Humo ndimo nilimosimama na kidonda changu, tangu kilipokuwa ufa mpaka nikaanza kuuona mfupa. Kila asubuhi nilikuwa naingia na usaha, na kila alasiri natoka mguu umeoshwa safi, hauna kitu. Nilikuwa najiuliza ule usaha unakwenda wapi. Maji yakikauka, Mheshimiwa, hakibaki kitu bwawani ila chumvi. Na mimi siko peke yangu. Tazama miguu ya wenzangu hapo mkekani."

Mheshimiwa Mwinyishibe akatazama. Ilikuwa imepangwa pande zote za sinia, mipasuko myekundu na kucha zilizong'oka, na nzi wakitembea kutoka mguu hadi mguu kama wakaguzi. Pengine alikumbuka samaki wa jana yake, na supu, na yai la asubuhi alilolinyunyizia kwa vidole vyake mwenyewe. Alifungua mdomo ili atoe pole, na pole haikutoka. Alitapika juu ya mkeka wa matanga, hapo hapo, mbele ya wapiga picha. Wajumbe wakafuatia kwa mpangilio wa vyeo, na Katibu, ambaye ni wa mwisho kwa cheo, alijizuia kwa heshima mpaka zamu yake ilipofika.

Watu hawakucheka. Mwatum akaleta majivu akamwagia, akafagia, na kazi ya kufagia haikulipwa na mtu.

Jioni ile ile Tume ikakutana mjini, jambo ambalo halijapata kutokea. Haikumsalimia mtu. Kabla ya usiku kuingia redio ikatangaza Amri ya Usafi wa Chumvi: kwamba kuanzia siku hiyo ni marufuku kwa mguu wa mfanyakazi kugusa chumvi ya taifa, kwamba kila aliye katika ajira ya Shirika atavaa viatu virefu vya mpira, na kwamba, ili haki itendeke pande zote, bei ya viatu italipwa na mvaaji. Magazeti yakaandika kwamba kilio cha wafanyakazi kimesikika. Wajumbe wakalipwa posho ya kutapika.

Wavuna chumvi wakavaa viatu. Miguu yao ikaanza kupona, na matumbo yao yakaanza kusinyaa, maana mshahara uliokuwa hautoshi sasa ulikuwa unamtosha muuza viatu. Sikudhani alihamishiwa bandani kushona mifuko, mahali pakavu ambapo hata paka hapati pa kunywa, lakini amri ilisema kila aliye katika ajira. Akaletewa viatu vyake, cha kulia na cha kushoto. Chande alimwendea mkubwa wa Shirika kumwombea mwenzake auziwe kimoja, akajibiwa kwamba viatu haviuzwi hivyo, na kwamba Shirika haliwezi kuvunja jozi kwa sababu ya mtu mmoja.

Mwisho wa mwezi Sikudhani alikwenda dirishani na mkongojo wake. Karani wa mshahara, binti mwenye huruma, alimhesabia kile kidogo kilichosalia, akakisukuma chini ya wavu bila kumtazama usoni.

"Pole sana, mama," alisema. "Umekatwa."

"Najua, mwanangu," alisema Sikudhani. "Nilikuwepo."